Maoni ya Mwajiri

Sumbawanga nzima ilikuwa inaomba kazi kwa barua moja. Sisemi kwa kejeli, ndivyo ilivyokuwa. Debora, mwenye steshenari karibu na stendi, alikuwa na barua kwenye kompyuta yake ambayo aliirithi kwa mtu, naye huyo aliirithi kwa mtu. Anayetaka kazi anakaa kwenye benchi, anataja jina na sanduku la posta, Debora anabadilisha pale juu na pale chini, katikati anapaacha kama palivyo. Katikati ndipo penye "mimi ni kijana mchapakazi, ninayejituma, mwenye uwezo wa kufanya kazi bila kusimamiwa." Walimu, madereva, walinzi, wote walijituma na wote hawakuhitaji kusimamiwa. Kuna mwaka Debora alijisahau, bibi mmoja mwenye wajukuu akaomba upishi wa shule akiwa "kijana wa kiume." Na kazi akapata, ujue hizo barua zinasomwa vipi!

Bertilla alishaiomba dunia kazi kwa barua hiyo mara tatu. Mara tatu kimya, hata ile ya "tunasikitika kukuarifu" hakuipata.

Tangazo la nne lilikuwa la namna nyingine. Shirika moja la wakulima lilikuwa limefungua ofisi mjini na linatafuta mwandishi wa taarifa, mtu wa kuzunguka Muze, Kaoze, mpaka Kasanga kule ziwani, akae na wakulima na wavuvi, awasikilize, aandike. Bertilla alilisoma akiwa amesimama, akalisoma tena akiwa ameketi. Barua iandikwe kwa mkono wa mwombaji mwenyewe. Mwombaji asitaje sifa zake, bali aeleze kazi moja aliyoifanya yeye, na ilileta nini. Aliye kazini apitishe barua kwa mwajiri wake, na mwajiri aandike maoni yake chini ya barua kwa mwandiko wake, atie saini na mhuri. Umri usizidi miaka thelathini na mitano. Mwisho wa kupokea barua, Ijumaa saa tisa na nusu alasiri.

Jumatano ya wiki iliyofuata Bertilla angetimiza thelathini na sita.

"Si unaona? Wamekuandikia wewe hili tangazo," Debora alimwambia. Walikuwa marafiki tangu ukoo wa Debora uliposhuka na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, na Debora alikuwa mtu wa kusema kitu kikiwa bado moto. "Kazi uliyoifanya wewe. Si ipo ile barua ya malori?"

"Ndiyo shida yenyewe hiyo," Bertilla akasema.

Ngoja nieleze shida. Kwenye vitabu vya ushirika wa mahindi, Bertilla aliandikwa mhudumu wa ofisi, maana yake mtu wa kufagia na kuchemsha chai. Alifagia kweli, na chai alichemsha. Lakini kila karatasi iliyotoka katika ofisi ile kwa miaka kumi na moja, muhtasari, taarifa, malalamiko, pongezi, rambirambi, ilitoka kichwani mwake. Chini yake ilisomeka: Wilibrodi, Mwenyekiti.

Mzee Wilibrodi hakujua kusoma. Siku ya kwanza Bertilla anaanza kazi, mzee alimwekea barua mezani akasema, "Miwani yangu hii ni ya mbali, mwanangu. Ya karibu imevunjika. Hebu nisomee." Miwani ya karibu ikawa imevunjika miaka kumi na moja. Kwenye mikutano, mtu akimletea karatasi, alikunja mikono kwa madaha akasema, "Mwenyekiti hasomi, mwenyekiti anasomewa," na watu walicheka wakapiga makofi. Namba alizijua barabara, huwezi kumpunja gunia. Jina lake aliweza kulichora, W mpaka I ya mwisho. Mhuri wa ushirika ulikaa katika mfuko wa koti lake, umefungwa kwa kamba, na hakuna mkono mwingine uliougusa. Zaidi ya hapo, macho yake yalikuwa Bertilla.

Na Bertilla angemkataaje? Mzee Wilibrodi ndiye baba yake wa ubatizo. Baba mzazi alipofariki, huyu ndiye aliyekwenda Kaoze akamwambia mama yake, "Huyu nimemshika mbele ya padre, simwachi." Akamsomesha mpaka kidato cha nne, akampeleka Mbeya kusomea uhazili. Mama yake, Edith, mpaka leo akipiga simu kutoka Kaoze humaliza kwa maneno yaleyale: "Umtunze baba yako. Usije ukamwaibisha."

Mwaka juzi mahindi yalilala uani wiki tisa bila mnunuzi. Bertilla aliandika barua ya kurasa mbili kwa wanunuzi wakubwa nje ya mkoa, na baada ya siku tisa malori kumi na moja yakaingia uani kwa mstari. Weee! Ile barua ilitolewa nakala mpaka mashine ya Debora ikaishiwa wino. Kwenye mkutano mkuu wakulima walimbeba Mzee Wilibrodi juu juu. "Mwenyekiti wetu anajua kuandika, bwana!" walipiga kelele. Bertilla alikuwa anamimina chai. Alimimina kikombe mpaka kikafurika kwenye sahani, na hakuna aliyemwona.

"Sema huna kazi," Debora akashauri. "Kama huna mwajiri, hakuna wa kupitisha."

"Halafu hiyo miaka kumi na moja nilikuwa wapi? Nimelala?"

"Basi hayo maoni ya mwajiri nitakuandikia mimi."

"Wewe mwandiko wako unajulikana mpaka mahakamani, unajaza fomu za mji mzima. Na wangu mimi ndio huohuo utakaokuwa kwenye barua. Halafu mhuri uko kifuani kwake, Debora. Hata tukizunguka vipi, lazima nipite kwake."

Debora akafungua droo. Alimpa karatasi mbili zenye mistari, bure.

Alhamisi mchana, mzee akiwa ghalani, Bertilla aliandika. Aliogopa angeshindwa, kumbe maneno yalikuwa yanasubiri mlangoni. "Wanunuzi sikuwaambia kwamba mahindi yetu ni mazuri," aliandika, "maana kila mwenye mahindi husema hivyo. Niliwapa habari za mama mmoja aliyehamia uani na mkeka wake, akakaa juu ya magunia yake kumi na manne, na kila wingu likipita anavua kanga yake moja anayafunika. Malori yalikuja. Barua ile ilitoka kwa jina la Mzee Wilibrodi. Maneno yalikuwa yangu, kama yalivyokuwa yangu katika barua zote za ofisi hii. Mzee Wilibrodi nilimsomea kwanza, ndipo akasaini." Aliisoma yote akajisikia kama mtu aliyevua viatu vinavyobana. Kisha akaona alichokifanya, akaifunika haraka kwa faili.

Mwezi uliofuata ulikuwa wa uchaguzi wa ushirika. Kanuni ilisema wazi, mwenyekiti awe anajua kusoma na kuandika.

Ijumaa saa tano asubuhi alimwekea mzee barua mezani. Upepo wa Ufipa ulikuwa unapiga bati, na mzee alikuwa amevaa koti na sweta ndani yake.

"Shikamoo baba. Nimepata mahali pa kuomba kazi. Wanataka upitishe."

"Marahaba." Mzee akaitazama karatasi pale mezani. "Kazi. Kwani hapa unafanya nini, unacheza?" Halafu akakunja mikono, kama kawaida yake. "Nisomee."

Hilo neno Bertilla alishalisikia mara elfu. Walikuwa na mapatano, hayakuandikwa popote lakini yalikuwa makali kuliko kanuni zote za ushirika: anasoma kilichopo, neno kwa neno, hata kama ni tusi. Kuna mkulima aliwahi kuandika kwamba mwenyekiti ana kichwa cha kondoo, na Bertilla alilisoma hivyo hivyo, kondoo na yote. Hajawahi kuongeza wala kupunguza. Sasa alishika karatasi. Akisoma iliyopo, mhuri hautoki mfukoni. Asipoisoma, ni nini yeye?

"Mimi ni kijana mchapakazi," Bertilla akasoma, "ninayejituma, mwenye uwezo wa kufanya kazi bila kusimamiwa." Akaenda nayo mpaka mwisho ile barua ya Debora, halimo hata neno moja kwenye karatasi aliyoishika, sauti imenyooka. "Kupitia kwa Mzee Wilibrodi, Mwenyekiti. Wako mtiifu."

"Mh. Nzuri. Inafanana na za watu wote." Mzee akavuta karatasi, akatoa kalamu, akachora jina lake pale Bertilla alipomwonyesha; pa maoni pakabaki peupe, Bertilla angepatafutia mkono mwingine baadaye. Akafungua kamba, akapiga mhuri. Bertilla akanyoosha mkono. Karatasi haikuja.

Mzee alikuwa ameinama juu yake, kidole kinatambaa mstari kwa mstari. Kikasimama. Kikaenda, kikasimama tena.

"Hili ni jina langu," alisema. "Hili naliona hata gizani. Lipo hapa. Lipo hapa. Hapa. Na hapa." Akainua uso. "Mara nne, Betila. Masikioni mwangu limeingia mara moja tu."

Bertilla hakuwa na mahali pa kuangalia. Ukuta ulikuwa na kalenda ya parokia na saa, na saa ilikuwa inakwenda.

"Nisomee," mzee akasema tena, polepole. "Safari hii soma iliyopo."

Akasoma iliyopo. Alipofika kwenye "maneno yalikuwa yangu" hakuparuka, akaendelea. Alipomaliza, mzee alikuwa amefumba macho.

"Miaka kumi na moja natembea kwa macho yako," alisema. "Leo umeniingiza shimoni. Ungenipeleka kule nimejisainia mwenyewe kwamba ni mjinga."

"Ndiyo baba. Ningekupeleka."

"Unasema ndiyo!"

"Na mimi je?" Bertilla hakujua kama ana sauti kubwa kiasi kile. "Na mimi, baba? Jina langu halipo hata kwenye karatasi moja humu ndani! Nikifa leo, mtu akafungua hayo mafaili, ataona nilifagia! Walikubeba juu kwa maneno yangu, mimi namimina chai! Jumatano umri unanipita, baba, hakuna tangazo lingine. Nitazeekea hapa nikikusomea, na ukiondoka wewe, nitakuwa sikuwahi kufanya kitu chochote duniani!"

Mzee akasimama. Akaikunja barua mara mbili, akaiingiza mfuko uleule wa mhuri, akatoka kwenda ghalani. Hakubamiza mlango. Afadhali angebamiza.

Saa sita ikapita. Saa saba ikapita. Kupitia dirishani Bertilla alimwona kaketi juu ya gunia la ulezi, kofia mkononi, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Hakuthubutu kumfuata. Kuandika nyingine angeweza, lakini nani aisaini? Alifagia ofisi, na ilikuwa imeshafagiwa. Akachemsha chai ambayo hakuna aliyeitaka. Alijichukia kwa kusema, halafu akajichukia kwa kutosema miaka yote ile, na katikati ya hayo mawili hakuona pa kupitia.

Saa nane kasoro robo mzee aliingia, akaiweka barua mezani, akainyoosha kwa kiganja.

"Hapa chini pana mahali peupe. Panataka nini?"

"Maoni ya mwajiri. Kwa mwandiko wako."

"Maneno mangapi?"

"Hata moja linatosha." Bertilla akajikaza. "Baba, Debora anaweza kuandika. Tutamwambia…"

"Tutamwambia nini? Watu wangapi waandike kwa mkono wangu?" Akavuta kiti akaketi upande wa Bertilla wa meza, upande ambao hajawahi kuukalia. "Wanaokubali huandika nini?"

"Nakubali."

"Liandike pembeni. Kubwa."

Bertilla aliliandika kwenye karatasi ya pili ya Debora, herufi za wima, kubwa. Mzee akaziangalia moja moja, akitikisa kichwa. "Huyu namjua," alisema, akigusa B. "Yumo kwenye jina langu. Na huyu, na huyu wa mwisho. Kumbe watatu ninao tayari." Kidogo acheke. "Hao wengine ndio wageni."

Alizichora kwenye gazeti la zamani. Akazichora tena. K ilimsumbua sana, ilikuwa inaanguka kifudifudi, na mara mbili alitupa kalamu akatukana kwa Kifipa. Mwanaume wa miaka sitini na saba, jasho linamtiririka na baridi ile! Bertilla alimshika mkono mara moja, mzee akautoa mkono wake. "Usinishike. Ukinishika ni wewe tena."

"Baba, wataiona hii. Watajua. Na mwezi ujao ni uchaguzi."

"Kalenda naijua kuisoma, namba hazijawahi kunishinda." Hakuacha kuchora. "Nilikushika mbele ya padre nikasema sikuachi. Nikadhani maana yake nikukalie. Ninyamazie nimalize hii K."

Saa tisa kasoro dakika tano alivuta barua yenyewe, akavuta pumzi, akaandika. Ilichukua muda mrefu kuliko ubatizo wenyewe. Herufi zilipanda mlima zikashuka, L ilikuwa ndefu kuliko zote, na A ya pili ilikosa mguu akaiongezea. Akapuliza wino.

"Twende wote," alisema. "Wakikuuliza, usinifiche."

Bajaji iliwashusha mbele ya ofisi ya shirika saa tisa na dakika kumi na tatu. Mzee akabaki nje karibu na ukuta, ameshika kofia upepo usiipeperushe. Ndani, mapokezi, alikaa dada mmoja, kibao cha mezani kikisema Margareth, na mbele yake rundo la bahasha. Akaipokea barua, akaangalia mwandiko, saini, mhuri. Kisha akaishusha.

"Dada yangu, hapa chini kachezea nani? Una mtoto mdogo nyumbani?"

Bertilla akaiangalia barua.

"Maskini, barua nzuri hivi imeharibiwa," Margareth akasema kwa huruma ya kweli. "Sikiliza. Chukua karatasi hii safi, una robo saa. Mkimbilie mwajiri wako aandike upya, mimi nitakusubiri."

Mlango ulikuwa wazi hapo. Lilihitajika neno dogo tu, mtoto, na siri ya mzee ingerudi mfukoni, uchaguzi ungepita salama, na mama yake kule Kaoze asingeaibika. Mpita njia yeyote angeandika maoni kwenye karatasi ile safi, na mzee angepiga mhuri palepale nje. Kupitia dirishani aliona bega moja la koti na ukingo wa kofia.

"Hakuna mtoto, dada," alisema. "Huo ni mwandiko wa mwajiri wangu. Amejifunza leo, saa nane."

Margareth akamtazama. Halafu akaivuta barua, akaisoma kuanzia juu, safari hii polepole, midomo ikimcheza kidogo. Alipofika kwenye kanga na magunia alisimama, akarudi nyuma, akasoma tena. Alipofika chini aliweka kidole chini ya zile herufi.

"Na-ku-ba-li," akasoma.

Akachukua mhuri wa kupokelea, akagonga, akaandika tarehe na saa.

Nje, mzee hakuuliza mpaka Bertilla alipomfikia kabisa.

"Wamepokea?"

"Wamepokea, baba."

"Na pale pangu?"

"Dada wa mapokezi amepasoma."

Mzee akageuza kofia mkononi. "Ulimsaidia?"

"Sikumsaidia. Nilikaa kimya. Amesoma mwenyewe."

Mzee Wilibrodi akatikisa kichwa kama mtu anayekubali mzani, mara moja, mara mbili. Kisha akaugeukia ukuta wa ofisi ya watu, akalia kwa sauti, bodaboda zinapita na watu wanatazama. Bertilla akamshikia kofia.